Saveta na Shimo Linalomeza Mto

Binti yangu Saveta alizaliwa mwezi wa kukata nyasi. Kabla hajamaliza kilio chake cha kwanza nilikuwa nimeshamkagua vidole mara tatu. Mkunga alinicheka. "Veturia, mtoto mzima huyu. Unampekua kama kondoo wa mnadani!"

Huku Apuseni milima yetu ni ya mawe ya chokaa, nayo hayashiki maji. Mto wetu unashuka kutoka kilele cha Jiwe la Mbuzi, unapita kwenye mashine ya kupasulia mbao ya jirani yetu Todor, unakatiza malisho yetu, kisha unaingia ardhini kwenye shimo tunaloliita Koo. Upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kuna chemchemi chini ya maporomoko ya maji. Baba mkwe wangu ndiye aliyetaka kujua kama ni maji yale yale. Alimwaga magunia manne ya maranda ndani ya Koo, akamtuma mkewe akakae chemchemini na chekeche. Baada ya saa kumi na tisa maranda yalitoka.

Hadithi hiyo Saveta aliisikia akiwa na miaka minne.

"Babu, maranda yalipita wapi?"

"Tumboni mwa mlima."

"Na mimi nitapita huko."

Wote mezani walicheka. Mimi niliinuka nikafunga mlango, ingawa mchana ulikuwa wa joto.

Akiwa na miaka saba tulimtoa nyuma ya maporomoko kwa kumvuta msuko wa nywele. Akiwa na kumi na miwili alipanda Jiwe la Mbuzi kumtafuta mbuzi wetu, akarudi bila mbuzi na jino limevunjika kipande, mkono wote umechorwa kwa kalamu: mapango aliyoyaona njiani. Toka siku hiyo alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo. Mwalimu alisema anafaa kuwa muuguzi. Alikaa mjini mwaka mmoja tu, akarudi na sanduku lake. "Mama, kule kote tambarare. Silali vizuri."

Basi akawa anawaongoza wageni mapangoni na kwenye maporomoko. Alichopata kiliishia kwenye kamba na taa za kichwani. Ugali na jibini alikula akiwa amesimama, macho dirishani. Mchumba wake, Nelu, alikuwa mwoga wa mashimo, na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo. Lakini alimfuata humo humo.

Kwetu wanawake ndio wanaopuliza baragumu, lile refu la mbao. Kila nyumba ina mlio wake. Mtu anayekata nyasi ng'ambo ya bonde anajua ni yeye anayeitwa kula. Upo pia mlio wa mvua kileleni: miwili mirefu, mmoja wa kukatwa. Mtu akiwa ndani ya Koo, lazima mwanamke akae mdomoni pa shimo na kutazama kilele, maana maji ya juu hufika kwa muda wa saa moja, na sauti ya baragumu huteremka vizuri pamoja na upepo wa pango.

Nani angekaa kama si mimi? Kiangazi kile nilipuliza kwa kila wingu. Mara saba Saveta alitoka ametapakaa tope hadi kwenye nywele, akakuta jua linawaka. Todor alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye mashine yake: "Dada Veturia, puliza tena! Nguo zangu bado hazijakauka, na kila ukipuliza jua huwaka!"

Mara ya nane halikuwa wingu. Ulikuwa moshi wa wachungaji.

Saveta alikaa kando yangu, akavua kofia yake ngumu. "Mama, ndani kuna mahali pembamba. Mbele yake nasikia maji yananguruma, mahali pakubwa. Kila nikifika hapo, unaniita."

"Niliona wingu."

"Ulikuwa moshi, mama."

"Mvua nayo huanza hivyo hivyo."

Alicheka, mkono mdomoni. Kisha akaacha kucheka. "Usitazame tena mbinguni. Tazama mto pale kwa Todor. Mvua ikinyesha juu, maji hubadilika rangi. Yakibadilika, puliza. Kabla ya hapo, hapana. Niapie."

Niliapa, mkono juu ya mkate.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria, si yeye, si mimi, si Todor mwenyewe. Majira ya kuchipua yaliyotangulia, Todor alikuwa ameziba mto kwa magogo juu kidogo ya mashine yake, apate maji ya kutosha ya kuzungusha msumeno. Tope la mlimani lilikuwa linatua pale, nyuma ya magogo, na maji yaliyovuka yalishuka safi.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mama Maria. Saveta na Nelu waliingia ndani ya Koo saa moja asubuhi. Saa nne wingu lilikaa juu ya Jiwe la Mbuzi, dogo kama mwanakondoo. Likawa jeusi. Nilinyanyua baragumu, nikaliweka mdomoni, nikalishusha. Mto ulikuwa mweupe kiasi kwamba niliona kokoto za chini.

Todor alipita na gogo begani. "Leo kimya, dada Veturia? Umepona?"

"Nimeapa."

Alitazama kilele. Hakuendelea na mzaha wake. "Labda linakwenda upande wa pili," alisema.

Nilikubali. Nataka ijulikane kwamba nilikubali. Maisha yangu yote nilikuwa nimeogopa bila sababu, na siku hiyo nilijikaza nisiogope. Mto ukabaki mweupe. Halafu juu kwa Todor kitu kilipasuka kama mlango wa kanisa unaobamizwa, na magogo yakaja, na maji ya rangi ya udongo nyuma yake. Nilipuliza mpaka nikaonja damu.

Nelu alitoka peke yake, akitambaa. Nilimshika mabega.

"Yuko wapi?"

"Ulipopuliza, mama, maji yalikuwa yamenifika kifuani."

"Yuko wapi, Nelu?"

"Alikuwa keshapita pale pembamba. Mimi nilitaka turudi. Akasema, 'Mama yuko kimya. Tuna muda.'"

Waokoaji walikuja kutoka mjini, wakafanya kazi siku tano. Pale pembamba pamejaa magogo na changarawe, na maji yamesimama hadi juu. Kiongozi wao alikuwa kijana wa adabu.

"Hapapitiki, mama. Labda wakati wa baridi kali, maji yakipungua."

"Ng'ambo ya pale, kuna hewa?"

"Huenda ipo." Alikuwa anakunja kamba, hakuniangalia.

Siku ya sita Todor alikuja na magunia manne ya maranda. Hakuna aliyemwomba. Aliyabeba moja moja mgongoni na kuyamwaga ndani ya Koo saa sita mchana. Mimi nilizunguka mlima na chekeche la mama mkwe, nikakaa chemchemini pamoja na Nelu na yule kiongozi wa waokoaji, aliyekuwa bado hajaondoka. Yasipotoka, njia imezibwa kabisa. Yakitoka, kuna upenyo.

Yalitoka saa moja asubuhi. Saa kumi na tisa, kama zamani. Nelu alipiga kelele, "Yamepita! Yamepita!" akaingia majini na viatu. Nilikuwa nimeshasimama. Yule kiongozi alinishika kiwiko.

"Maranda hupita mahali pa kidole, mama. Mtu hapiti."

Nilikaa siku nane zaidi. Chekeche lilishika maranda, maganda ya miti, na chura mmoja mzima. Kitu chake hata kimoja hakikuja, wala glovu.

Kwetu marehemu huchemshiwa ngano siku ya arobaini. Padri alisema wakati umefika. Dada yangu aliuliza, "Tutaipeleka wapi, kama hakuna kaburi?" Niliichemsha, nikaipeleka kwenye Koo, nikaweka bakuli mahali nilipokuwa nakaa.

Baridi ilikuja, maji yakapungua, waokoaji wakarudi siku mbili. Changarawe ilikuwa imeganda kama ukuta. Hawajarudi tena.

Todor hakukijenga tena kizuizi chake, anapasua mbao pale tu mto unapotaka. Maji yanabadilika rangi mapema sasa, kama Saveta alivyosema. Jana wingu dogo lilikaa juu ya Jiwe la Mbuzi. Sikutazama mto. Nilipuliza: miwili mirefu, mmoja wa kukatwa. Todor alizima mashine, akatoka nje, akavua kofia na kusimama hapo mpaka nilipoishiwa pumzi.