Mtoto wa Bi Mize

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ni ile siku nyumba za makuti za Jang'ombe ziliposhika moto. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa duka la picha Mji Mkongwe, kazi yangu kuwapiga picha maharusi na watu wa paspoti. Niliposikia kuna moto, nilipanda baskeli, kamera shingoni.

Nilimkuta mama mmoja kapiga magoti mbele ya nyumba yake inayoungua, kichwa wazi, kanga imemwanguka, anamlilia binti yake. Nikampiga picha. Moja tu. Kisha, Mungu anisamehe, sikumwuliza hata jina. Nikakimbilia dukani kuisafisha niiwahishe gazetini.

Picha ile ilinipatia sifa. Gazeti liliandika kwamba mama kafiwa na mwanawe, maana ndivyo nilivyodhani na ndivyo nilivyowaambia. Watu walilia, wakachanga nguo na mchele. Tajiri wangu, mwenye duka, akaitundika kwenye kioo cha duka, nami nikawa natembea mjini kifua mbele. Ujana, mwanangu!

Wiki ya pili, asubuhi, yule mama aliingia dukani, kamshika mkono mtoto wa miaka mitano hivi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mimi Bi Mize. Na huyu ndiye maiti wako."

Mtoto alikuwa akinitazama huku anatafuna kashata.

"Alikuwa kwa jirani," akasema. "Nilimpata wewe na baskeli yako hujafika hata Darajani, njiani kurudi. Sasa kila siku nnapokea watu wa tanzia, naye kakaa pale anawasikia. Jana kaniuliza, 'Mama, kwani mimi nshakufa?'"

Nilimwomba radhi, nikingojea matusi. Bi Mize akavuta kiti, akaketi.

"Mchele umetufaa, sikufichi. Lakini umenianika kichwa wazi mji mzima. Iteremshe ile. Kisha utupige nyingine, mimi nimejitanda, na mwanangu hai."

Nikaiteremsha, tajiri wangu akafoka mpaka akachoka. Mhariri naye alinicheka, akasema mtoto mzima si habari. Nikamwendea siku tatu mfululizo mpaka akaichapa ile ya pili, ndogo, pembeni. Nakala nyingine nikapita nayo Jang'ombe nyumba kwa nyumba.

Bi Mize angeweza kunichukia, na angekuwa na haki. Lakini nilipooa, yeye ndiye aliyempaka hina mke wangu. Namshukuru mama yule kuliko wote walionisifu.

Basi, mwanangu, leo kila mtu ana kamera mkononi. Ukimkuta mtu katika msiba, kwanza mfunike, mpe mkono, mwulize jina. Usiondoke kwenda kusimulia habari zake kabla hujajua zimeishaje. Na ukikosea, rudi ukarekebishe, hata kama unaona haya. Mwenyezi Mungu akujaalie jicho la huruma, na akukutanishe na mtu wa kukukanya kwa upole, kama alivyonikutanisha mimi. Amin.