Ugali Ambao Adelgunda Hakuula

Mmekuja tena kunitoa shambani niwaandikie habari za Adelgunda, kana kwamba yeye mwenyewe amekatwa ulimi. Kalamu inanichosha kuliko jembe. Haya, kaeni.

Mwaka ule jua liliunguza migomba, ndizi zikawa kama vidole vya mtoto. Serikali ikaleta mtama wa msaada kijijini Nyakashozi, huku upande wa Kimuli. Lori tuliliona kwa macho. Ila mtama ulipoingia stoo ya mtendaji wa kijiji, Mutalemwa, ukawa kama mtu aliyeingia kaburini.

Manung'uniko yakafika wilayani. Akatumwa afisa, mama mmoja mpole, mzaliwa wa Dodoma, aje aandike taarifa. Mutalemwa akaitisha mkutano, akasimama, tumbo likitangulia.

"Mtama wote uligawiwa! Watu wamekula ugali wakasaza. Bibi Adelgunda yule pale, mjane, alikula ugali wa mtama asubuhi na jioni."

Afisa akaandika, hana shaka hata chembe. Kwao mtama ni chakula.

Adelgunda alikuwa ameamua kunyamaza. Kuibiwa alikuzoea: aliibiwa kahawa, akaibiwa kuku, hata mume aliwahi kuibiwa na mwanamke wa Kiruruma. Lakini ugali! Yeye aliyekuzwa kwa ndizi na maharage, anayelala njaa kwa heshima zake, aambiwe mbele ya wakwe zake kwamba amebugia ugali wa mtama? Akainuka.

"Mutalemwa! Ulipozaliwa nilikupokea mimi kwa mikono hii. Ningejua, ningekurudisha!"

Watu wakaangua kicheko.

"Shikamoo, Bibi," afisa akasema. "Kwani mtama mliupikaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa mtama hauliwi. Unakaangwa, unasagwa, unatiwa kwenye maji ya ndizi, inakuwa rubisi. Mwaka huu nani kavuna mtama wa pombe? Na huyu anamwoza binti Jumamosi. Twende kwake tukaonje."

"Pombe ya harusi ni mambo ya familia!" Mutalemwa akafoka.

"Na sisi familia. Si umesema umetulisha?"

Wakaenda, kijiji kizima. Nyuma ya nyumba, mtumbwi wa kuchachushia pombe ulikuwa ukitoa povu, umefunikwa majani ya mgomba, na juu ya majani magunia ya serikali, muhuri ukitazama mbinguni. Mke wa Mutalemwa, Deodatha, akaeleza bila kuulizwa kwamba magunia hayo yanatunza joto vizuri mno.

Afisa akapiga picha, akaita polisi. Watu wakasema mtama ni wao, wakaleta vibuyu. Polisi walipofika, ushahidi ulikuwa umepungua sana, na baadhi ya ushahidi ulikuwa ukiimba. Binti wa watu akaolewa kwa soda.

Mutalemwa alifukuzwa kazi. Taarifa ikaja kusomwa mbele yetu, na wizi wote umo. Lakini yale ya mwanzo afisa hakuyafuta: "Bibi Adelgunda, mjane, alikula ugali wa mtama asubuhi na jioni." Wakwe wakatazamana. Adelgunda akapanda bodaboda hadi wilayani. Akaambiwa taarifa ikishagongwa muhuri imegongwa. Msaada mwingine umekuja juzi, kauacha palepale. Hataki punje ya serikali mpaka neno lile litoke.

Basi wewe unayesoma, shule umekwenda wewe. Chukua kalamu leo, waandikie wilayani wamfutie Adelgunda ugali ule. Na uweke jina lako chini, si langu.