Rangi ya Mbuzi Aliyeuzwa

Mwanangu amerudi kutoka sherehe ya watoto amechorwa kipepeo shavuni, na kabla hajaniamkia nimeshamsugua kwa dole gumba. Harufu ya rangi ni ile ile.

Mnadani kwetu Kihanga, mbuzi akishauzwa anapakwa rangi mgongoni. Basi siku ile ya utoto wangu, kwenye meli ya kwenda Mwanza, mama alipotuacha kwenye chumba cha watoto chenye mipira na midoli, na dada wa pale akachovya brashi kwenye rangi akisema, "Haya, nani aanze?", nilielewa kila kitu. Hata pipi alizotugawia hazikuwa za bure. Mdogo wangu alijipeleka mwenyewe, akachorwa, akajirusha kwenye mipira akicheka, akanisahau kabisa. Mimi nilishikilia kitasa cha mlango mpaka mama aliporudi.

"Umemuuza!" nikamwambia.

Mama alilowesha ncha ya kanga kwa mate, akamfuta mdogo wangu shavu. Rangi ikatoka yote. Ya mbuzi haitoki.

"Bojo mama, tafadhali, nirudishe na mimi nikapakwe," nikaomba.

Lakini meli ilikuwa imeshafika, na yule dada alikuwa anaosha brashi zake.