Sinema ya Fisi na Maoni ya Mama

Harufu ya petroli ndiyo iliyotangulia gari la sinema. Lilipanda kutoka Chaka mara moja kwa mwezi, likinguruma kwenye tope, na sisi watoto tulilinusa kabla ya kuliona, maana upepo wa kwetu Kieni alasiri huvuma kutoka bondeni kuelekea mlimani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wetu wa msituni. Serikali ilikuwa imetuondoa kwenye mashamba yetu na kuturundika katika kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge na handaki lililosimikwa vijiti vya mianzi, vimechongwa hivi kwamba mbuzi akianguka humo hatoki mzima. Baba alikuwa kizuizini, wapi hatukujua. Mama, mimi na mdogo wangu Ndegwa tulikaa katika kibanda cha nyasi, mstari wa tatu kutoka langoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, Ndegwa mitano. Kila asubuhi akina mama walipangwa foleni kwenda kuchimba handaki jingine, refu zaidi, kando ya msitu, na nyuma yao walitembea homugadi, vijana wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali, wakiwa na viboko vya ngozi mkononi. Nilimwona mwanamke mjamzito akichapwa mgongoni kwa sababu alisimama kunyoosha kiuno. Siku ya gari la sinema kazi ilikatizwa saa tisa, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tuipende sinema.

Tulionyeshwa katika jumba la udongo walilokuwa wakifanyia mikutano. Madirisha yalizibwa kwa magunia na mablanketi ili giza liingie mchana, kwani jua likitua hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje, na waliosahau walipigwa risasi. Kwanza tulionyeshwa jinsi ya kunawa mikono, jinsi ya kupanda miti, jinsi gavana alivyofungua daraja. Kisha zilikuja zile tulizozingoja, picha za kuchorwa, wanyama wanaotembea na kuvaa suruali. Zote zilitengenezwa na nyumba moja huko Ulaya, na kila moja ilianza na yai lililopasuka na kutoa kifaranga kilichotutazama kwa jicho moja. Yai lilipotokea tu, watoto wote tulisema kwa pamoja, "Ya yai." Kulikuwa na ile ya mbuzi aliyemeza tarumbeta, akawa kila akilia anatoa muziki. Kulikuwa na kiboko aliyeogopa maji. Na kulikuwa na nguruwe seremala, aliyempiga nungunungu kwa nyundo mpaka akalala bapa kama chapati, kisha nungunungu akajipuliza, akajaa, akasimama na kwenda zake. Hiyo ya nguruwe ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mwenye gari alikuwa karani kutoka upande wa Bungoma, Bwana Wekesa, mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka. Wakubwa wake mjini Nyeri walitaka kujua watu wanapenda sinema zipi, kwa hivyo baada ya onyesho alipita na kijitabu akiuliza ipi nzuri na ipi mbaya, akaandika jibu pamoja na jina la aliyejibu. Wengi walisema zote ni nzuri sana. Mama hakuwa mtu wa kusema hivyo. Hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa na jicho, na alipenda kuulizwa. Kiboko alikuwa mzuri, alisema, ila miguu yake haikuwa na uzito, na mnyama mkubwa lazima ardhi imsikie. Mbuzi ndiye aliyekuwa bora, kwa sababu alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu anachekesha kuliko mjinga. Huko handakini wanawake walibishana siku nzima, chama cha mbuzi na chama cha nguruwe, wakishusha sauti homugadi alipokaribia na kuipandisha alipopita. Nadhani yalikuwa mabishano pekee tuliyoruhusiwa mwaka ule. Nilimsikia mama akicheka huko, na nyumbani alikuwa hacheki.

Kisha siku moja walimleta mtu kutoka msituni. Walimburuta kwa kamba iliyofungwa kwenye miguu na kumlaza mbele ya kambi ya homugadi, shati limeganda damu, mdomo wazi. Hedimani wetu, Kabiru, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, aliamuru kijiji kizima kipite kumtazama, watoto mbele. Nzi walikuwa wamemjaa machoni. Sikumtambua, lakini mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kuhema kama aliyekimbia mbali, na majirani wakamshika mikono kwa nguvu asije akaanguka na kujulikana kuwa ni jamaa yake. Ndegwa alisimama. Nilimvuta, akakataa kuondoka. Aliketi pale kwenye vumbi, hatua tatu kutoka kwa maiti, na mama alipomwinamia kumwuliza anangoja nini, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anangoja aamke. Mama alimbeba mgongoni hadi nyumbani. Gari lilipokuja tena, Bwana Wekesa alipomwuliza, mama alisema sinema mbaya kuliko zote ni ile ya nguruwe seremala. Wanawake wa chama cha nguruwe walimcheka. Yeye hakucheka.

"Inadanganya watoto," alisema. "Mwenye kuchora hajui kufa ni nini."

Bwana Wekesa aliandika hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata ililetwa mpya. Yai likapasuka kama kawaida, kifaranga kikatutazama, nasi tukapiga kelele. Lakini safari hii kulikuwa na kijiji cha kondoo, na karibu nacho msitu, na msituni fisi wenye macho ya manjano. Fisi walikuja kuiba. Kondoo wakachimba handaki, wakazungusha ua, wakashika majembe. Fisi wakatumbukia handakini mmoja mmoja, na kondoo wakawapiga vichwani mpaka wakanyamaza. Jua likachomoza, kondoo wakacheza ngoma, na fisi walilala pale pale chini. Nilingoja wajipulize na kujaa. Sinema ikaisha. Nikasikia injini ya umeme ikitetemeka nje. Wanawake waliokuwa wameketi mbele yangu bado walikuwa na udongo wa handaki kwenye kucha. Kabiru, aliyesimama mlangoni, alianza kupiga makofi peke yake, polepole, akitutazama mstari kwa mstari mpaka wote tukapiga.

Kabiru alipotoka kwenda kuwafukuza watoto waliopanda gari, Bwana Wekesa alipita na kijitabu chake. Wote walimwambia fisi ni nzuri sana. Alipofika kwetu alitaka kupita tu, nadhani aliona uso wa mama. Mama ndiye aliyemshika mkono wa koti.

"Andika, karani," alisema kwa Kiswahili chake cha huku kwetu. "Sinema yote ya yai, mtu akipigwa anaamka. Hii fisi inapigwa, haiamki. Mimi nilifikiri mwenye kuchora hajui kufa. Kumbe anajua. Anajua, na anachagua nani. Wewe uliza huko mjini, nani alimwambia fisi asiamke?"

Bwana Wekesa alishusha kalamu. "Mama, hiyo niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na jina yangu unaijua."

Akaandika. Namkumbuka alivyoinama, kijitabu kwenye goti, akiandika kwa haraka kama mtu anayeogopa neno litamponyoka. Hakuna aliyewahi kumwona akiandika kwa muda mrefu namna ile.

Gari liliporudi, halikuja peke yake. Mbele yake lilikuja la polisi, na Kabiru alikuwa ameshika karatasi. Kijiji kilikusanywa uwanjani mbele ya jumba. Bwana Wekesa alibaki kwenye usukani, mikono juu yake, anatazama mbele. Kabiru alisoma maneno ya mama kwa Kikuyu, moja baada ya jingine, na yalipotoka kinywani mwake yalisikika kama kiapo cha msituni. Kisha akamwita kwa jina. Mama alitoka kwenye mstari. Aliniachia mkono wa Ndegwa na kunitazama kidogo, kama anayetaka kunituma kitu kisha akaghairi.

"Unauliza ni nani alimwambia fisi asiamke," Kabiru alisema. "Ni mimi."

Akampiga kwa rungu kwenye sikio la kushoto. Sauti ya pigo haikuwa kubwa, na mama alianguka kwa ubavu, mkono umekunjika chini yake. Kabiru alimwambia aamke kama nungunungu. Aliinuka kwa magoti. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni na kuingia kwenye ukosi wa nguo. Akapigwa tena, safari hii mdomoni, na homugadi wawili wakaja na viboko na kumchapa mgongoni na miguuni mpaka nguo ikapasuka, na walipochoka wakapokezana na wengine. Nilimficha Ndegwa uso tumboni mwangu. Nilimsikia akihesabu viboko, na kwa kuwa alikuwa amejifunza kuhesabu mpaka kumi tu, kila alipofika kumi alianza upya. Kisha Kabiru akaja mbele yangu. Jasho lilikuwa likimtiririka, na alinuka tumbaku.

"Wewe, mtoto wake. Sinema ipi ni nzuri kuliko zote?"

"Ya fisi," nikasema.

"Mama yako hasikii."

"Ya fisi," nikasema kwa sauti.

"Mpigie makofi."

Nikaachia kichwa cha Ndegwa, nikapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Tukaingizwa jumbani kuitazama sinema ile mara mbili, tukishangilia kila fisi aliyeanguka, na mama akaburutwa hadi selo ya kambi. Jioni hiyo walivunja paa la kibanda chetu. Jirani alitupokea, akatulaza miguuni pa watoto wake.

Mama alikaa selo siku tisa. Aliporudi alitembea kama anayebeba mtungi uliojaa, bila meno mawili ya mbele, na sikio la kushoto halikusikia tena mpaka alipokufa. Handakini alirudishwa siku ya pili. Hakubishana tena na mtu. Chama cha mbuzi na chama cha nguruwe vilikufa siku ile alipopigwa, na sinema zilipokuja watu walitazama kama wanaosikiliza hukumu.

Bwana Wekesa alikuja kibandani kwetu, tulipokwisha kukiezeka upya, mara moja tu, siku ya gari, kazi ilipokatizwa na homugadi wakiwa wanakula. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mama alimgeuzia sikio zima.

"Niliandika kwa sababu yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika," karani alisema. "Sikufikiri zaidi ya hapo. Nisamehe, mama."

Mama akamwuliza kama bado anayo yale maneno. Alikuwa nayo kwenye kijitabu. Akamwambia asome. Bwana Wekesa akasoma kwa sauti ya chini, na mama akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikitembea. Alipomaliza, mama alisema, "Umeacha moja. Nilisema anachagua nani. Hapo hukuandika." Karani alitazama karatasi, akakubali kwamba hakuandika. Mama akatikisa kichwa, kama mwalimu aliyeona kosa dogo kwenye kazi safi. Kisha akamwambia, "Sasa usiandike tena kitu yangu. Mimi niko na watoto." Karani akaenda zake. Gari la mwezi uliofuata lilikuwa na karani mwingine, na wengine walisema Bwana Wekesa alihamishiwa Nanyuki, wengine walisema alirudi kwao.

Niliubeba ule mzigo wa makofi miezi mingi. Siku moja tukichuma mboga kando ya seng'enge nilimwambia mama kwamba ni mimi niliyesema sinema ya fisi ni nzuri. Alikuwa ameinama, na hakuinuka. Alisema, "Nilikuwa nimelala chini, sikusikia kitu." Akaendelea kuchuma. Sikujua kama ni kweli, na sikuuliza tena, na baba aliporudi kutoka kizuizini, amekonda na kuogopa milango, hatukumsimulia. Mama alikufa mimi nikiwa na watoto wangu.

Sasa naishi mjini Nyeri, na wajukuu wakifunga shule huja kwangu. Nao wana nyumba moja ya katuni wanayoipenda, huko ng'ambo, wanajua kila sinema iliyotoa. Wanazipanga kwenye simu zao kutoka bora hadi mbovu, wanatukanana, wanarushiana mito ya kochi, madirisha yangu yote yakiwa wazi na watu wakipita barabarani. Kwa miaka mingi waliponiuliza, "Shosho, wewe unaonaje?" nilijibu zote ni nzuri, na kabla ya kujibu nilikuwa nimeshatazama mlangoni. Walidhani sipendi katuni. Likizo hii iliyopita nilitazama moja nao mpaka mwisho, na mdogo wao aliponiuliza nikasema ile ni mbaya, kisha nikaeleza kwa nini, kwa kirefu, habari ya tembo aliyechorwa bila uzito na msichana aliyelia bila kuwa na sababu. Yule mtoto alinitazama kwa mshangao, halafu akanikatalia mbele ya wenzake wote. Akasema sikuelewa hata kidogo, sinema ile ni bora kuliko zote, na mimi ni mzee. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyekubali kushindwa, na alipochoka kunibishia alipanda kwenye kochi, akaweka miguu yake juu ya mapaja yangu, akaniambia tuangalie nyingine.