Ndaga Kwenye Bembea

Bembea ilifika Kyela juu ya lori ikiwa vipande vipande, na siku nzima watu waliamini kwamba ni mtambo wa kukoboa mpunga. Hawakuwa na kosa. Aliyeinunua ni mama mmoja wa Ipinda anayejulikana kwa mashine zake za kukoboa, na hatukuwahi kumwona akinunua chuma kisichotoa mchele. Vipande viliposimamishwa kwenye kiwanja chake kando ya barabara ya Ipyana, vikawa mlingoti mmoja mnene wenye mwavuli wa chuma juu yake, na kwenye mwavuli vikaning'inia viti kwa minyororo. Mashine ikiwashwa mwavuli unazunguka, viti vinatanuka kama sketi ya mtoto anayecheza, na aliyeketi anapaa.

Nilipanda wiki ile ile ya kwanza. Mke wangu alisema mzee wa kanisa hawezi kuonekana miguu yake ikining'inia hewani.

"Watakatifu nao watapaa siku moja," nilimwambia, "na sijasikia kwamba miguu yao itafunikwa."

"Watakatifu hawatakata tiketi," akasema.

Nilikata tiketi. Kule juu niliona vichwa vya mikokoa, kisha mashamba ya mpunga, na mbali upande wa Itungi mstari mwembamba unaometa. Ulikuwa ni ziwa. Nimeishi na ziwa hilo umri wangu wote, lakini sikuwahi kuliona nikiwa nimeketi juu ya hewa. Nikamshukuru Mungu aliyenipa macho, na aliyempa mama yule wazo la kununua chuma kisicho na faida.

Wapo wanaosema kwamba mstari ule si ziwa bali ni mabati ya ghala. Nawajua, kwa sababu tulikuwa wote kwenye grupu la simu la wapenzi wa bembea. Mama mwenye bembea ndiye aliyelianzisha, akaniweka kuwa kiongozi. "Wewe ni mtu mzima," aliniambia, "watakuheshimu." Waliniheshimu kweli. Kila aliyetaka kumtukana mwenzake alianza kwa kuandika, "Shikamoo mzee."

Nimekaa katika vikao vya wazee wa kanisa miaka mingi. Nimesikia ndugu wakigombania kinanda, na wanakwaya wakinuniana kwa ajili ya rangi ya kitambaa. Sijapata kuona ukali kama ule wa wapenzi wa bembea. Hoja yao ilikuwa moja tu, tabia mbaya za wapandaji. Kulikuwa na vijana wanaopota minyororo ya viti viwili ili wazunguke kama pia. Kulikuwa na mama aliyekata tiketi moja, akapanda na mtoto mgongoni na mwingine mapajani, na alipozuiwa akauliza kama hao walioko tumboni nao wanakatiwa. Kulikuwa na mtu aliyetafuna muwa akiwa juu na kutema makapi juu ya sisi tuliopanga foleni. Kila mmoja aliandika kwa uchungu mkubwa. Lakini katika yote niliyosoma sikukutana na aliyesema kwamba mwenye muwa alikuwa yeye.

Mkali kuliko wote alikuwa mnunuzi mmoja wa kokoa, mtu mnene, mkarimu, na mwenye sauti inayofika kabla yake. Kila ujumbe wake ulimalizika kwa maneno "usalama kwanza". Alitaka wapandaji wavae kofia ngumu. Alitaka wanaofungua mkanda wakiwa juu wapigwe marufuku ya maisha. Alikuwa akirekodi sauti zake ndefu kama mahubiri, na mimi, kwa kuwa nimezoea mahubiri, nilizisikiliza zote mpaka mwisho. Nadhani nilikuwa peke yangu.

Mwendesha bembea alikuwa mgeni. Alitoka Tanga pamoja na mashine, Mwislamu, mtu mzima mpole aliyekuwa akizungusha bembea za sikukuu huko pwani. Kinyakyusa hakukijua ila neno moja. Kila aliyeshuka kwenye kiti alimwambia "ndaga", naye akaelewa haraka kwamba kwetu hiyo ni asante. Akawa anaitikia kwa kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Watu walimpenda. Alipata chumba nyuma ya mashine ya mpunga, akamwita mkewe amfuate.

Jumapili moja baada ya ibada mnunuzi wa kokoa alikuja kiwanjani na simu yake mpya. Mimi nilikuwa kwenye foleni. Alitutangazia kwamba leo atarekodi picha za kufundishia umma.

Mnunuzi alipoketi, mwendesha bembea alivuta mkanda wa kiti, haukumtosha kiunoni.

"Bwana mkubwa, usipofunga huu, hupandi."

"Mimi ndiye ninayewaandikia watu habari za mkanda!"

"Basi nisaidie kuvuta pumzi."

Alivuta pumzi, mkanda ukafunga, foleni ikapiga makofi. Jenereta ikanguruma, viti vikapaa. Tulimsikia akihubiri kule juu, simu ameinyoosha mbele yake. "Ndugu zangu, angalieni jinsi wajinga wanavyofanya. Mjinga anashika hapa. Halafu anafungua hivi."

Akafungua.

Kwa rehema za Mungu mwendesha bembea alikuwa ameshaanza kupunguza mwendo, viti vinateremka. Mnunuzi aliteleza taratibu, kama gunia linaloshuka kwenye lori, akakaa mchangani upande wa pili wa mlingoti, karibu na uzio. Kiatu kimoja kilibaki kikisafiri hewani, kikaangukia nje.

Hapo lazima nieleze jambo moja kwa msomaji wa mbali. Mtu wa kwetu akiona mwenzake ameanguka, jambo la kwanza ni kumpa pole. Mengine yote, hata kumwokoa, hufuata baadaye. Na pole kwetu ni neno lile lile la asante: ndaga. Tunashukuru kwa ndaga na tunafariji kwa ndaga, na hatujawahi kuchanganya, kwa sababu mwenye kuambiwa hujua mwenyewe kama amepewa kitu au amepatwa na kitu.

Basi foleni nzima ikalipuka. "Ndaga! Ndaga tata! Ndaga fijo!" Pole baba, pole sana. Na mimi nikiwemo, na sauti yangu ya kuongoza nyimbo.

Mwendesha bembea alikuwa ameshika mkono wa kuendeshea mashine, macho yakiwa juu kwa waliobaki vitini, jenereta inanguruma sikioni. Aliyeanguka alizibwa na mlingoti. Alisikia umati unapaza sauti, akageuka kwetu, uso wake ukafunguka. Akaweka mkono kifuani, akainama. Kisha, kwa ukarimu wa mtu aliyeshukuriwa kupita kiasi, akaongeza mwendo.

Viti vikapita tena juu ya mnunuzi wa kokoa, naye akalala kifudifudi mikono kichwani. Tukampa pole kwa nguvu zaidi. Mwendesha bembea akainama zaidi. Sijui tungeendelea mpaka lini. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakusema ndaga wala neno lolote, aliruka uzio akazima jenereta.

Kifundo cha mkono cha mnunuzi kilivimba, lakini hospitalini walisema mfupa ni mzima. Kiatu kilipatikana. Ubaya ni kwamba simu haikuzimika. Ilianguka ikiangalia juu, ikarekodi mbingu, miguu ya watu ikipita, sauti zetu, na katikati ya yote mwendesha bembea akitabasamu na kuinama. Jioni ile mnunuzi aliituma picha hiyo kwenye grupu mwenyewe.

"Mtu anakufa, yeye anacheka!"

"Shikamoo mzee. Huyo ni muuaji."

"Afukuzwe kesho."

"Na kuongeza spidi kaongeza! Mmeona? Kaongeza!"

Mtu mmoja aliuliza kwa upole ni nani aliyefungua mkanda. Aliambiwa huu si wakati wa siasa. Nilijaribu kuandika neno la kuwatuliza, lakini vidole vyangu vikafuta badala ya kutuma. Kisha mama mwenye bembea akaandika kwamba bembea ni ya wapandaji, na bila wapandaji ni chuma tu. Kesho jioni wenye grupu waje kiwanjani waseme, na watakaloamua kuhusu kazi ya yule bwana, yeye atalifuata. "Mzee ataongoza," alimalizia.

Mwendesha bembea alikuja kwangu asubuhi yake. Mke wangu alimpa chai, akaishika bila kunywa.

"Mzee, mke wangu yuko njiani. Yuko kwenye basi na vyombo vyote. Chumba cha Tanga tumekwisha kukirudisha kwa mwenyewe. Nikimpigia nimwambie geuka, ageukie wapi?"

Nilimuuliza jambo ambalo grupu zima lilikuwa halijamuuliza. "Ulicheka kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alipumua. "Walikuwa wananishukuru, mzee. Umati mzima. Sijawahi kushukuriwa vile tangu nizaliwe."

Mke wangu alifunika mdomo kwa kanga na kwenda jikoni, na kutoka kule tukasikia sauti ambayo haikuwa ya kukohoa. Nikamwambia bwana yule anywe chai yake. Tukaomba kidogo, kila mmoja kwa namna yake, kisha nikamweleza maana ya pili ya neno letu. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe siku ile nilipougua homa," alisema, "mama muuza ndizi alipopita akaniambia ndaga, nikamwambia karibu tena..."

"Ndiyo."

"Astaghafirullahi."

Jioni tulikutana pale kiwanjani, barazani kwenye mashine ya mpunga. Wale waliokuwa wakali kwenye simu walikaa nyuma. Mnunuzi wa kokoa alikaa mbele, mkono umefungwa bandeji nyeupe ambayo nadhani ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilifungua kwa sala, nikaomba picha ichezwe kwa sauti, watu wasitazame, wasikilize tu.

"Mnasikia nini?" niliuliza.

"Pole," akajibu mama mmoja. "Tunampa pole."

Nikamgeukia mwendesha bembea. "Na wewe unasikia nini?"

"Asante," alisema. "Nasikia watu wengi sana wananiambia asante."

Alianza kucheka muuza ndizi, kisha mama mwenye bembea, kisha baraza lote. Mnunuzi wa kokoa peke yake hakucheka.

"Sasa mtu kaanguka," alisema, "yeye anashukuriwa kwa lipi?"

"Bwana mkubwa, sikukuona," alijibu mwendesha bembea. "Macho yangu yalikuwa juu kwa abiria. Chini sikutegemea abiria, maana mkanda niliufunga kwa mikono yangu, nawe ulivuta pumzi."

"Kweli alivuta!" mtu akapaza sauti nyuma. "Tulipiga makofi!"

"Tata," muuza ndizi akamwambia mnunuzi, "kwani wewe uliwahi kusikia mtu aliyekaa kwenye mchanga akipiga kelele 'simamisha'? Hata wewe ulinyamaza."

"Nilikuwa na mchanga mdomoni!"

Hapo hata yeye akacheka, na bandeji ikatikisika vizuri tu. Kwa kuwa ni mtu mkarimu, alisimama na kusema kwamba mgeni hafukuzwi kwa sababu ya lugha yetu. Ila alidai lazima kuwe na kanuni mpya. Mama mwenye bembea akauliza kanuni gani. Wakabishana mpaka giza likakaribia, na kanuni iliyopitishwa ilikuwa moja tu: mwendesha bembea akisikia neno ndaga, asimamishe mashine kwanza, halafu ndipo aulize ni ndaga ipi.

Mkewe aliwasili kesho yake na vyombo vyake. Alipoteremka kwenye basi, wanawake wa pale stendi walimwambia ndaga kwa uchovu wa safari. Mumewe alimwonya palepale asijibu kitu mpaka ajue amepatwa na nini.

Kanuni anaishika mpaka leo. Ubaya wa kanuni ni kwamba watu wa Kyela hawajaacha kushukuru. Mpandaji akipaa akaona mashamba yake yanazunguka chini, moyo unafurahi, anapiga kelele "ndaga!", na papo hapo viti vinashuka vyote, mwendesha bembea anakuja mbio na uso wa hofu: "Ipi? Ipi?" Mizunguko imekuwa mifupi mno. Kwenye grupu wanalalamika kwamba wanapunjwa, na mnunuzi wa kokoa ndiye anayewatetea wenye bembea, usalama kwanza.

Mimi bado napanda, mke wangu akiwa hatazami. Ninafunga mkanda, ninafunga na mdomo. Kule juu mstari wa ziwa unatokea upande wa Itungi, na shukrani zinanijaa mpaka kooni, ila nazipeleka kimya kimya kwa Yule asiyehitaji kuzisikia kwa sauti. Nikimshukuru Yeye, bembea inaendelea.