Bangili ya baba mlangoni kwa MRI

Jamani, leo baba kagoma kupigwa picha ya ubongo kwa sababu ya bangili!

Mkono wake wa kulia umekuwa ukifa ganzi, na maneno yanamkwama. Daktari akataka MRI, aone kama mishipa ya kichwani ina mafuta yaliyoganda.

Mlangoni mhudumu akasema, "Mzee, chuma hakiingii humu, mashine hii ni sumaku."

"Basi na mimi siingii."

Bangili hiyo alivishwa na shangazi, dada yake mkubwa, miaka ya tisini, kumtia moyo baba alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato. Kwenye ukoo wetu, aliyekuvisha ndiye anayekuvua.

Nilichukia. Mtu anakaribia kupooza, tunabishana habari za bangili? Wewe ungefanyaje?

Nikampigia shangazi. Akaja kutoka Usagara na tope la shamba miguuni. Akamvua, akaivaa yeye.

"Ingia. Nimekushikia."

Baba akaingia, mpole kabisa.

Picha imeonyesha mshipa mmoja umeanza kuziba. Ameandikiwa dawa, na nyama ya mafuta basi.

Kutoka, baba akanyoosha mkono avishwe. Shangazi akaficha wake ndani ya khanga.

"Naondoka nayo. Ukiitaka, uje Usagara kwa miguu yako mwenyewe."