Injini Isiyotetemeka

Siku pikipiki mpya iliposhushwa kutoka kwenye lori, karakana nzima iliacha kazi. Mchomeleaji alizima moto, dereva wa lori akasahau kudai saini yake, na wapima mito wote watano wakaizunguka kama ndugu waliokuja kumkagua mchumba. Mmoja tu alibaki nyuma, kitambaa cha mafuta mkononi na uso umemshuka. Huyo alikuwa fundi mkuu, mtu wa miaka hamsini na moja ambaye kila mtu alimwita Bisibisi.

Jina alilipata kazini. Mafundi wengine husikiliza injini kwa sikio. Yeye alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini anaung'ata kwa meno, macho anafumba, kimya. Halafu anatamka, "Tapeti ya upande wa moshi." Wakifungua, wanakuta kweli kijichuma hicho cha kusukuma valvu kimelegea. Wapima mito, ambao kazi yao ni kupanda milimani kusoma vipimo vya maji, walimheshimu kwa woga kidogo. Mtu anayeng'ata injini usimtanie ovyo.

Wasichokijua ni kwamba Bisibisi alikuwa hasikii. Miaka ishirini na sita ya kusaga vyuma bila kuziba masikio ilikuwa imemla pole pole. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, za ndege na simu. Zikafuata sauti za watu waliompa mgongo. Meno ndiyo yaliyokuwa yakimfanyia kazi ya masikio, na macho yakimsaidia kusoma midomo ya watu. Mtu akigeuza shingo ghafla kuelekea pikipiki, Bisibisi naye alijua kuna kitu cha kutazama.

Kusema hakuthubutu. Kanuni ya idara ya maji ilitaka fundi anayesaini pikipiki itoke awe mzima wa macho na masikio. Fundi mkuu aliyemtangulia, macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alipewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa yenyewe hakuweza kuisoma.

Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mke wake, mshonaji, alikwishaamua kwamba mumewe ana dharau. Anamwita kutoka jikoni, kimya. Anamuuliza jambo huku ameinamia cherehani, kimya. Mwaka wa tatu huo amenuna, na Bisibisi aliona afadhali aitwe mume mbaya kuliko kiziwi.

Basi mkuu wa karakana, mama mmoja mwenye miwani iliyohamia kwenye paji la uso, akamwita ofisini.

"Fundi, mwezi mmoja. Jaribu hii mpya na ile ya zamani, njia ile ile, mzigo ule ule. Uniletee ukurasa mmoja tu, maana wewe ukianza kuandika huachi. Ukisema nzuri, naagiza kumi, na zile za zamani zote tunaziondoa."

"Zote?"

"Unataka tuziweke makumbusho?"

Akazijaribu. Ile ya zamani alikuwa anaijua kuliko viatu vyake. Ilikuwa nyepesi, ukiiangusha unainua peke yako, na ikivunjika porini unaifunga kwa waya na kurudi nyumbani. Lakini asubuhi za baridi kabureta yake ilikuwa na kiburi cha mtoto wa mwisho, taa yake ukitaka kujua kama inawaka lazima ushuke ukaitazame, na breki ya mbele kwenye kokoto ilikuwa kama kusukumwa na adui. Ile mpya iliwaka kwa kuguswa. Tangi lake lilibeba lita ishirini badala ya kumi na nne, shokapu ndefu zilimeza mashimo, kioo cha mbele kilikata upepo, na breki zake zilikuwa na akili ya kuachia gurudumu kabla halijateleza.

Kitu kimoja tu. Ile ya zamani ilitetemeka hadi kwenye fizi, na katika mtetemo huo Bisibisi alisoma kila kitu: valvu, mnyororo, beringi. Ndani ya ile mpya waliweka shafti ndogo inayozunguka kinyume, kazi yake ni kuua mtetemo. Wapima mito waliisifu, mikono yao haifi ganzi tena. Bisibisi alipoing'ata kwa mara ya kwanza alihisi kama anang'ata mto wa kulalia.

Akaandika ukurasa wake bila kudanganya: mambo kumi na moja ambayo mpya inashinda, matatu ambayo ile ya zamani inashinda. La shafti aliliweka upande wa mpya. Kwamba yeye binafsi amekwisha, hakuliandika.

Pikipiki ilipotimiza kilomita elfu moja, kitabu chake kikataka valvu zikaguliwe. Aliyepangiwa kuondoka nayo siku hiyo alikuwa shemeji yake, kaka mdogo wa mke wake, mpima mito mwenye mdomo usiopumzika. Alikuwa anakwenda kwenye kipimo cha juu kabisa, siku mbili za milima bila nyumba wala mtandao wa simu, kabla mvua haijafunga njia.

"Shemeji, imeiva au tuongeze kuni?" alisema shemeji, kofia ngumu imening'inia kwenye kiwiko.

"Subiri."

"Mimi nasubiri, mto hausubiri. Ukikawia hivyo nitakuta maji yameshajipima yenyewe."

Bisibisi alifunga kifuniko cha valvu, akaiwasha, akang'ata bisibisi. Hakuna kitu. Akahamisha ncha upande wa pili. Utulivu ule ule, mzuri, wa kutisha. Akachukua fomu, akasaini.

Wakati huo dada wa stoo alipita na boksi la vichungi. Alipofika usawa wa pikipiki shingo yake iligeuka. Akaitazama injini, akakunja uso, akamtazama Bisibisi, kisha akaendelea na safari yake.

Fundi alimfuata kwa macho. Labda ni moshi tu umemkera. Labda boksi ni zito. Angemuuliza, "Umesikia nini?", na angekuwa ametamka yote. Shemeji tayari alikuwa amevaa kofia, amefunga kamba ya mzigo, amekanyaga gia. Bisibisi aliona gurudumu la mbele likielekea lango, na akilini akaiona pikipiki ile ile imekufa milimani, mvua inashuka, na huyu mropokaji hana hata wa kumropokea.

Akakimbia, akasimama mbele ya lango, mikono juu.

"Zima! Shuka!"

"Shemeji, umesahau kunibusu?"

"Iwashe tena ikiwa imesimama. Unisikilizie."

"Nikusikilizie nini?"

"Injini. Mimi sisikii."

"Husikii kwa sababu ya hii kelele ya mchomeleaji?"

"Sisikii, shemeji. Huu mwaka wa nne."

Shemeji alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akavua kofia. Dada wa stoo alikuwa amerudi, boksi bado mikononi.

"Inagonga," alisema, naye akasogea mbele ili Bisibisi amwone. "Taratibu, kama mtu anagonga meza kwa kucha. Nilidhani umeisikia. Mimi nani wa kumwambia Bisibisi?"

Wakaifungua. Nati ya tapeti moja ilikuwa inazunguka kwa vidole. Wakati wa ukaguzi Bisibisi aliikaza nusu, akaenda kuchukua geji ya kupimia mwanya, akarudi akaendelea na nati nyingine. Kosa dogo. Kwenye ile ya zamani meno yangemzomea papo hapo. Kwenye hii, kilomita mia moja mbele, nati ingedondoka ndani ya injini na kuifanya supu ya vyuma.

Shemeji aliizungusha ile nati kwa kidole. Kisha akauliza:

"Dada yangu anajua?"

"Anajua nampuuza."

"Miaka yote hii unamwacha aamini hivyo? Wewe ni mtu wa ajabu. Nampigia simu kabla sijapoteza mtandao. Ukitaka kumwambia wewe, una saa moja."

Bisibisi alikaza nati zote upya huku dada wa stoo akisikiliza na kumwonyesha dole gumba. Shemeji akaondoka. Kisha fundi akapanda ofisini mwenyewe, kabla habari haijamtangulia. Ilikuwa imeshamtangulia. Miwani ya mkuu ilikuwa imeshuka machoni.

"Ulisaini kabla ya kuizuia?"

Angeweza kusema hapana. "Nilisaini."

"Na ukurasa huu. Ungeandika kwamba mpya ni mbovu ningekuamini, ungebaki na zile zako unazozing'ata. Kwa nini hukuandika?"

"Breki za ile ya zamani zimemwangusha shemeji yangu mara mbili mwaka jana. Mpya ni nzuri, mama. Ni mimi tu nisiyeiweza."

Mkuu aliukunja ule ukurasa. Bisibisi alitazama midomo yake asipitwe.

"Nitaagiza kumi. Wewe kuanzia leo husaini. Jumatatu nenda hospitali ukapimwe, ulete karatasi. Baada ya hapo sijui, fundi. Sitaki kukudanganya."

Aliposhuka chini, karakana nzima ilikuwa imeanza kuzungumza naye kwa kupayuka. Mchomeleaji alimuuliza kama anataka chai kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Bisibisi akachukua koti, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mke wake alikuwa kwenye cherehani, mgongo mlangoni, simu juu ya kitambaa. Fundi alizunguka meza, akasimama mbele yake mahali anapoweza kumwona mdomo.

"Mdogo wako amepiga?"

Akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka mitatu nimekununia," alisema. "Nimelala nimegeukia ukuta miaka mitatu."

"Niliona."

Mke wake aliinamia kitambaa, akasema kitu kirefu ambacho fundi hakuambulia hata neno. Zamani angetikisa kichwa na kuondoka. Sasa alivuta kiti, akakaa.

"Inua uso, urudie. Sijasikia."

Akainua uso, akarudia, pole pole, neno kwa neno. Hayakuwa maneno mazuri, na yalikuwa mengi.